Kabla hujamfukuza mtunza stoo, fungua katoni uhesabu

Juzi usiku nimepata meseji ya msomaji, ndefu, imejaa hasira mwanzo mwisho. Anasema kaweka programu ya stoki mwezi wa tatu sasa na kila wakihesabu mzigo haulingani na kompyuta, unapungua, tena unapungua kwenye bidhaa zilezile. Keshabadilisha kufuli, keshafunga kamera, sasa anauliza, "kaka nimfukuze mtunza stoo au nimpe mwezi mmoja wa mwisho?"

Nilivyofika kwenye hiyo sentensi nikaweka simu chini kwanza. Kwasababu mi nishawahi kumponza mtu wa namna hiyo, na sikumponza kwa mdomo, nilimponza kwa namba moja tu niliyoiandika kwenye setingi za vipimo.

Ngoja niwasimulie, na mnivumilie maana hii kitu bado inaniuma.

Kuna stoo moja nilipewa kazi ya kuiwekea mfumo, bidhaa kama mia tisa hivi, vifaa vya umeme, nyaya, skrubu, gundi, karatasi za ofisini, mchanganyiko. Nilikuwa mwepesi sana enzi hizo, na nilikuwa najisikia. Nikachukua Excel yao, nikaingia kwenye ukurasa wa yuniti, nikaandika katoni moja ni pisi 24, nikaiseti iwe ya bidhaa zote, kwasababu bidhaa tatu nne za mwanzo nilizoangalia zilikuwa hivyo. Zile zisizokuwa 24 nikawa nazirekebisha moja moja kila mtu akilalamika. Siku mbili kazi imeisha, nikapongezwa, nikapiga picha na bosi (hiyo picha nilishaifuta).

Mtunza stoo alikuwa mzee mmoja mtaratibu, anaandika kila kitu kwenye daftari lake hata baada ya kompyuta kuja. Baada ya miezi kadhaa balbu zikaanza kuja kwenye katoni mpya, rangi ileile, ukubwa karibu uleule. Siku moja napita akaniambia, "mwanangu, hizi katoni za siku hizi naziona nyepesi." Nikacheka. Nikamjibu mzee umezoea kubeba. Nikaondoka zangu.

Mwisho wa robo wakahesabu. Balbu pungufu 200. Kikao kikaitwa, mzee akaulizwa pisi mia mbili zimekwenda wapi, akafungua daftari lake, hakuna aliyelitazama, na mimi niliyekaa palepale na laptop yangu nikaulizwa inawezekana kompyuta imekosea? Nikasema, nakumbuka neno kwa neno, "mfumo haudanganyi." Mzee akasimamishwa kazi.

Kilichonifumbua macho ni mteja. Alinunua katoni nzima, akarudi na risiti, anadai risiti inasema pisi 24 na yeye ndani kakuta 20. Watu wakadhani naye anataka kuleta ujanja. Tukafungua katoni nyingine mbele yake, 20. Nyingine, 20. Na pembeni ya boksi imeandikwa kabisa, herufi ndogo, 20. Mtengenezaji alibadilisha ufungashaji na hakuna aliyesoma.

Nikakaa nikapiga hesabu. Zilipokelewa katoni 80 za namna ile, kompyuta ikaandika pisi 1,920 wakati kweli zimeingia 1,600. Katoni 30 ziliuzwa nzima nzima, na hapo sikilizeni vizuri maana ndo pamenichelewesha kuelewa, katoni ikiuzwa nzima kosa halionekani kwenye hesabu ya stoki, limeingia na 24 na limetoka na 24, linajifuta lenyewe na anayeumia ni mteja kimyakimya. Zile 50 zilizofunguliwa zikauzwa rejareja ndo kila moja iliacha pisi nne hewa. Nne mara 50, hiyo hapo mia mbili yenu. Mzee hakuchukua hata moja.

Uwiano, yaani ile namba ya katoni moja ina pisi ngapi, ukiwa mbovu unatoa ripoti inayofanana kabisa na ripoti ya wizi. Hakuna rangi nyekundu, hakuna onyo, kuna upungufu tu unaorudia kwenye bidhaa zilezile. Na huo kurudia ndo ulitakiwa uniamshe, kwasababu mwizi hachagui bidhaa moja na kuiba nne kila katoni kwa miezi mitatu bila kukosea hesabu. Kaka uliyeniandikia, rudia kusoma meseji yako mwenyewe, umesema "zilezile."

Sasa nifundishe kidogo, maana najua wengi mnaonisoma hapa mnajenga biashara ikue, mnataka matawi, mnataka ripoti za simuni, lakini ukurasa wa yuniti mnaupita kama mnakimbizwa.

Kwanza kipimo cha msingi. Hiki ndicho kompyuta inachotunzia hesabu yote, mengine yote ni tafsiri tu. Chagua kile kidogo kabisa ambacho kinaweza kutoka mlangoni. Ukiuza skrubu moja moja basi msingi ni pisi, hata kama unanunua kwa boksi. Watu wanaweka boksi kuwa msingi kwasababu ndivyo wanavyonunua, alafu wanashangaa. Chukua boksi la skrubu 144, yaani grosi moja. Pisi moja ni 0.00694 ya boksi. Kama programu yako imesetiwa desimali mbili, inaikata kuwa 0.01, kwahiyo ukiuza skrubu 100 moja moja, kompyuta inasema boksi limeisha, na wewe unaona kwa macho yako skrubu 44 zimebaki. Dazeni nayo ni kinyume chake, moja ya kumi na mbili ikikatwa inakuwa 0.08, ukiuza zote 12 imetoka 0.96, kuna 0.04 ya dazeni inabaki humo kama mzimu milele na hakuna binadamu atakayekuja kununua 0.04 ya dazeni. Kuna mifumo imeliona hili, SAP kwa mfano inatunza uwiano kama sehemu, namba ya juu na ya chini, si desimali. Ila kwa wengi wetu dawa ni kuanzia chini kwenda juu. Pisi iwe msingi, kisha 12, kisha 144, namba nzima tupu. Na kama programu ina kile kiboksi cha kukataza nusu nusu, kama ERPNext ilivyonacho, weka tiki kwenye pisi, mtu asije akauza balbu moja na robo.

Na hilo lifanye KABLA hujaanza kuuza. ERPNext hiyohiyo ukishafanya muamala hata mmoja haikubali ubadilishe yuniti ya msingi, inakwambia tengeneza bidhaa mpya. Watu wanaikasirikia kwa hilo, mimi naiheshimu. Mifumo mingine inakuachia ubadilishe, na historia yote ya nyuma inageuka maana ukiwa unaangalia.

La pili ndo kosa langu. Kuna vipimo vya dunia nzima na kuna vipimo vya bidhaa. Kilo ni gramu 1,000 popote uendapo, mita ni sentimita 100, inchi ni milimita 25.4 kamili bila desimali ya ziada, hizo seti mara moja zitumike kwa kila kitu. Katoni si kipimo. Boksi si kipimo, roli si kipimo, ndoo si kipimo. Hayo ni majina ya vyombo, na chombo kinabeba kile alichoamua aliyekifunga. Kwahiyo katoni inasetiwa ndani ya bidhaa yenyewe, na mi sasa hivi hata jina naandika Katoni-20, Katoni-24, ili anayepokea mzigo alazimike kuchagua kwa macho. Saplaya akibadilisha ufungashaji usiiguse ile ya zamani, ongeza mpya, kwasababu risiti za nyuma zilisema kweli kwa wakati wake. Hata galoni usiiamini, ya Marekani ni lita 3.785 na ile ya Uingereza ni lita 4.546, mtu akikuandikia galoni tu muulize ya wapi.

Kebo za mtandao pia zinachekesha. Boksi limeandikwa mita 305, unajiuliza kwanini wasiweke 300 tu yaishe. Ni futi 1,000 hizo, ambazo ni mita 304.8, wakaona waandike 305. Hizo sentimita 20 usigombane nazo, zitapotea kwenye vichwa vya kebo unavyokata, ila ukute mtu kaseti 300 kwa uvivu, kila boksi linamwachia mita tano zisizo na mwenyewe. Hapo sasa stoki inazidi badala ya kupungua, na ikizidi hakuna anayeitisha kikao.

Ngumu kuliko zote ni bidhaa unayonunua kwa uzito na kuuza kwa idadi. Nondo za milimita 12 zina kilo 0.888 kwa mita, nondo ya mita 12 inakuwa kilo 10.66 hivi, kwahiyo tani moja ni kama nondo 93 na kipande, na hicho kipande hakipo duniani. Tena hiyo ni hesabu ya kitabuni, nondo halisi inazidi au inapungua kidogo uzito. Hapa usitegemee uwiano upige hesabu peke yake. Pokea kwa idadi uliyohesabu, uzito uandike pembeni kwa ajili ya ankara ya saplaya. Nimejaribu njia nyingine zote, nimechoka, nimerudi hapo.

Alafu angalia upande wa swali. Kuna programu inakuuliza katoni moja ina pisi ngapi, nyingine inakuuliza pisi moja ni sehemu gani ya katoni, na kisanduku cha kujaza kinafanana. Soma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza, "katoni moja ni sawa na pisi ishirini", ndo ubonyeze sevu. Usione aibu. Mwaka 1983 ndege ya Air Canada, Boeing 767, iliishiwa mafuta ikiwa futi 41,000 juu, sababu mojawapo ni kwamba watu walipima mafuta kwa lita wakazidisha kwa 1.77, ambayo ni ya kupata pauni, wakaamini wamepata kilo, wakati namba ya kilo ni kama 0.8. Walihitaji kilo 22,300, wakaruka na chini ya nusu yake. Marubani wakaiteremsha ikielea bila injini hadi Gimli kule Kanada, hakuna aliyekufa, ni ufundi wa ajabu. Ila ona, kuzidisha walizidisha sawasawa kabisa. Namba ilikuwa sahihi, jina la kipimo ndo halikuwepo pembeni yake.

Mengine haraka haraka. Ukiingiza stoki ya kuanzia kwa Excel usiache safu ya yuniti wazi, programu nyingi zikikuta wazi zinachukua ya msingi, katoni zako 60 zinakuwa pisi 60. Gharama nayo iangalie, ukiweka gharama ya katoni kwenye mstari wa pisi thamani ya stoki inapaa mara 24 na utaota utajiri usiokuwepo. Bakodi ya katoni na ya pisi ni mbili tofauti, zisajili zote. Na kabla ya kufungua mlango chukua bidhaa moja uipitishe njia nzima, inunue, ipokee, iuze, irudishe, ihesabu. Nusu saa tu. Mi nilikuwa naona nusu saa nyingi.

Mwezi uliopita nimemaliza kuseti stoo nyingine, safari hii nimekaa na dada mtunza stoo siku tano, tumefungua katoni moja ya kila bidhaa tukahesabu kwa mikono, watu wananiona nimechanganyikiwa. Hesabu ya kwanza ya mwisho wa mwezi imepishana pisi tatu stoo nzima, na hizo tatu zilikuwa zimepasuka. Nilitembea na hiyo ripoti mfukoni wiki nzima, sitaki kudanganya.

Kwahiyo kaka usimfukuze mtu bado. Chukua bidhaa tano zinazopungua, fungua katoni zake, hesabu, alafu gawa upungufu wako kwa idadi ya katoni zilizofunguliwa. Ikitoka namba nzima ileile, mbili au nne au sita, huyo siyo mwizi, huyo ni mimi na wenzangu tulioseti mfumo wako.

Na ukishagundua, usahihishaji wake uwe na akili. Usifute miamala ya nyuma, fanya marekebisho ya stoki kwa tarehe ya leo, na kwenye ile sehemu ya sababu usichague "upotevu" kwasababu ndo iko juu ya orodha. Tengeneza sababu yako, andika "kosa la uwiano", na weka jina la aliyeseti. Mzee alirudishwa kazini, nikaenda kumwomba radhi, akaniambia "yameisha mwanangu", akaendelea kupanga maboksi. Lakini zile balbu 200 nilizitoa mwenyewe kwenye mfumo wiki ya kile kikao, nikachagua upotevu, nikaweka na jina lake kama mhusika, na mwezi ule ulikuwa umeshafungwa. Ukichapisha ripoti ya mwaka ule hadi leo mstari uko palepale, upotevu, 200, na jina la mzee pembeni.