Maswali na Majibu: Daftari la urani yetu analishika nani?

Tanzania hatuna kinu cha nyuklia, sembuse bomu. Wakaguzi wa nyuklia wanatafuta nini kwetu? (Msomaji, Songea)

Wewe wa Songea ndiye hasa wa kuuliza, maana urani ya Mto Mkuju iko huko huko kwenu, Namtumbo. Kwa itifaki ya nyongeza, yaani kiambatisho cha mkataba wa ukaguzi wa nyuklia, iliyoanza kutufunga mwaka 2005, ni lazima tuiambie IAEA, shirika la atomiki lenye makao Vienna, migodi yetu ya urani iko wapi na inaweza kutoa kiasi gani.

Wala si migodi tu. Ingia stoo ya hospitali iliyokuwa na mashine ya zamani ya kutibu saratani kwa mionzi. Lile kasha dogo lililo zito ajabu pale pembeni huenda kinga yake ni ya urani, kwa kuwa urani huzuia mionzi kuliko hata madini ya risasi. Nalo lina mstari wake daftarini, yaani kwenye orodha ya nchi ya mali zake za nyuklia. Shida ni pale aliyelipokea ameshastaafu na waliobaki wanaliwekea ndoo za rangi juu.

Ni kweli mali ya nyuklia iliwahi kuibwa Kongo? (Lubumbashi)

Kweli. Kinu cha utafiti cha Kinshasa, cha kwanza Afrika, kiliwashwa 1959. Mwaka 1998 polisi wa Italia walinasa fimbo ya mafuta ya kinu cha huko ikitafutiwa mnunuzi na wahalifu. Fimbo moja haitengenezi bomu. IAEA huanza kuhofia bomu kwenye kilo 25 za urani-235, ile aina ya urani inayofaa kwa bomu, ndani ya urani iliyorutubishwa sana (yaani iliyoongezewa kiwango cha aina hiyo), au kilo 8 za plutoni, nyenzo nyingine ya bomu. Mimi kinachonisumbua ni ile safari: Kinshasa hadi Italia!

Nchi ikificha, wakaguzi watajuaje? (Mombasa)

Kwa kitambaa cha pamba. Mkaguzi anavaa glavu, anafuta meza, ukuta, kitasa cha mlango, kisha anakifunga kitambaa kwenye mifuko na kukituma maabara ya Seibersdorf, nje kidogo ya Vienna. Vumbi usiloliona kwa macho linasema urani ilirutubishwa kwa kiwango gani. Hata ukideki mara kumi, chembe hubaki.

Basi si tuwaachie wao wa Vienna? (Kampala)

Hapana, ndugu yangu. Mgeni huja kulinganisha mali na daftari. Daftari lisipokuwepo atalinganisha na nini? Ndiyo maana mwaka 2020 IAEA ilianzisha mpango wa COMPASS, unaozisaidia nchi kwa mafunzo, sheria na vifaa vya kuhesabu mali zao zenyewe. Rwanda ilikuwa katika kundi la kwanza.

Ila mfano ninaoupenda uko Amerika Kusini. Brazil na Argentina, zilizokuwa zikitazamana kwa jicho la pembe, zilianzisha ABACC, shirika lao la pamoja la ukaguzi wa nyuklia, mwaka 1991, makao yake Rio de Janeiro: Mbrazili anakagua Argentina, Muargentina anakagua Brazil. Afrika tuna Mkataba wa Pelindaba wa kupiga marufuku silaha za nyuklia barani, unaotumika tangu 2009, na tume yake iko Pretoria. Sasa Kenya na Uganda zinapanga vinu vya umeme. Ningependa kumwona Mganda akifungua leja ya Tume yetu ya Nguvu za Atomiki, Arusha, na Mtanzania akipekua ya Nairobi, kabla kinu cha kwanza hakijawashwa.

Binti yangu amemaliza digrii ya kemia. Kazi hii ataipata? (Dodoma)

Aulizie Tume ya Nguvu za Atomiki, Arusha. IAEA pia ina mafunzo ya ukaguzi kwa wahitimu vijana wa nchi zinazoendelea. Na kama ana rafiki mhasibu, waende pamoja.