Unaanza uzamivu wa betri na mitandao ya neva? Anza na data

Mitandao ya neva ni programu za kompyuta zinazojifunza kutoka kwenye data, na hapa tunaitumia kukadiria chaji iliyobaki kwenye betri au umri wake. Swali ninaloulizwa sana na wanaoanza uzamivu katika eneo hili ni lile lile: nitumie mtandao wa aina gani, LSTM au transfoma (aina mbili za mitandao inayosoma data yenye mfuatano)? Jibu langu huwakera kidogo. Nawaambia swali hilo lisubiri, kwanza wanieleze watakavyogawa data.

Tuseme una rekodi za volteji, mkondo na joto za seli kumi za lithiamu-ioni, kila moja imepitia mamia ya mizunguko ya kuchaji na kutumia. Ukichanganya mistari yote ya data kama karata, kisha ukatenga asilimia 20 za kupimia, mtandao utaulizwa kuhusu mzunguko wa 301 wa seli ambayo tayari umeona mzunguko wake wa 300 na wa 302. Utapata kosa dogo ajabu. Lete seli usiyowahi kuupa, mambo yanabomoka. Tenga seli nzima nzima. Miswada ninayopewa kusoma, hapa ndipo huwa natazama kwanza, na mara nyingi sihitaji kwenda mbali zaidi.

Jambo la pili ni kemia. Seli ya lithiamu, chuma na fosfeti hukaa karibu na volti 3.3 katika sehemu kubwa ya safari yake, grafu imelala kama meza. Hapo katikati milivolti chache zinaweza kumaanisha tofauti kubwa ya chaji, na sensa ya kawaida, yaani kihisi cha kupimia, inaweza kukosea kwa kiasi hicho hicho. Isitoshe, volteji baada ya kuchaji hailingani na ile ya baada ya kutumia, hata kiwango cha chaji kikiwa kimoja. Kwa hiyo mtandao unahitaji historia ya mkondo, si kipimo cha sasa hivi tu. Seli za nikeli, manganizi na kobalti zina mteremko, na kazi ni nyepesi zaidi. Sasa ndiyo unaweza kuzungumzia aina ya mtandao.

Jifunze modeli ya Doyle, Fuller na Newman ya mwaka 1993, inayoeleza kwa hesabu kinachotokea ndani ya seli, hata kama milinganyo yake inatisha. PyBaMM, programu huria ya Python, itakutatulia, na ukicheza nayo jioni chache utaanza kuhisi betri itajibu nini kabla hujabonyeza kitufe. Data yake ni safi mno, lakini. Ukiitumia kufundishia, iongezee kelele za sensa, yaani makosa madogo madogo ya upimaji.

Na usidharau njia nyepesi. Mwaka 2019 watafiti wa Stanford, MIT na Toyota Research Institute walichapisha kazi katika jarida la Nature Energy kuhusu seli 124, zilizoishi kati ya mizunguko 150 na 2,300 hivi. Walikadiria umri wa seli kwa kutazama mizunguko 100 ya mwanzo tu, kwa modeli ya mstari. Siri ilikuwa kipimo walichochagua: jinsi mkunjo wa kutoa chaji ulivyobadilika kati ya mzunguko wa 10 na wa 100. Mtandao wako wenye vigezo milioni lazima uwekwe kando ya modeli kama hiyo, au kando ya kichujio cha Kalman (njia ya hesabu inayosahihisha makadirio kila kipimo kipya kinapoingia), kwenye jedwali moja.

Kama unapima mwenyewe, washa majaribio ya kuchakaa mapema. Huchukua miezi, na foleni ya kabati la joto, lile la maabara linaloshikilia seli kwenye joto maalumu, haimjali mtu. Tazama grafu kwa macho kila wiki. Sensa ya joto ikibanduka kwenye seli itasoma hewa: mkondo unapanda, mstari wa joto haushtuki. Mtandao hautakulalamikia, utajifunza hivyo hivyo.

Kwenye tasnifu usiripoti wastani wa kosa peke yake. Onyesha kosa pale chaji inapokaribia kwisha na pale kuna baridi, maana chini ya nyuzi sifuri lithiamu inaweza kujikusanya kama metali juu ya grafaiti ya upande hasi wa seli wakati wa kuchaji, na seli ikazeeka kwa namna nyingine kabisa. Data yako yote ikiwa ya nyuzi 25, andika hivyo kwenye ukurasa wa kwanza wa sura ya matokeo. Mtahini ataanzia hapo hapo.