Mita 200 zilizonila kilomita 9

Juzi kuna msomaji kaniandikia meseji, anataka atembee ufukwe wa mji wao wote kwa siku moja, kilomita kama 30 hivi, anauliza avae viatu gani. Nimekaa na hiyo meseji siku mbili bila kujibu maana na mimi nilianza hivyohivyo, wiki nzima nahangaika na raba, na siku yenyewe raba wala hazikuwa na shida.

Tulikuwa wawili, mimi na rafiki yangu, kilomita 26 kutoka mnara wa taa mpaka bandari ya wavuvi. Tumeondoka saa kumi na mbili asubuhi maji yamekupwa, mchanga umelowa na umekaza, unatembea kama uko kwenye lami. Saa nne tumeshakula kilomita 17. Nilikuwa najiona na nilikuwa na haki ya kujiona, miezi mitatu ya mazoezi si mchezo. Alafu tukafika pale mto unapoingia baharini, daraja la waenda kwa miguu limezibwa mabati, mafundi wako juu yake, na ramani ya simu bado inasema pita.

Ng'ambo ile pale, mita 200, unawaona watoto wanacheza mpira. Rafiki yangu akasema tuvuke kwa miguu, watu huwa wanavuka. Nikavua viatu nikaingia. Maji yakafika mapajani, tope linang'ang'ania mguu, na mkondo unanisukuma kuelekea bara badala ya baharini, hapo ndo nikaelewa bahari inaingia na mimi niko katikati. Nilirudi natetemeka. Mwezi ulikuwa umetimia juzi yake, yani lilikuwa bamvua, siku ambazo maji yanajaa na kukupwa kuliko kawaida, na maji hayapandi sawasawa jamani, kutoka kupwa mpaka kujaa ni masaa sita na dakika kidogo, lisaa la kwanza yanapanda taratibu hadi unajisahau, ila la tatu na la nne peke yake yanabeba karibu nusu ya ujazo wote. Sisi tuliingia humohumo.

Daraja la magari lilikuwa kilomita 4 na nusu ndani, kufuata mto. Kwenda na kurudi 9. Rafiki yangu akaita gari, akasema tutakutana ng'ambo. Mimi nikakataa kupanda. Ile njia ilikuwa ya maghala na malori, pembeni hakuna pa kukanyaga, soksi zimelowa, na soksi mbichi ndo mama wa malengelenge. Nafika ng'ambo, mwenzangu hayupo, ameshaendelea. Bandarini nimefika saa moja usiku, peke yangu, kilomita 35 mguuni, kufungua simu nakuta picha yake, "26 nimemaliza", na pongezi zimejaa. Hatujawahi kulizungumzia. Inaniuma mpaka leo.

Sasa wewe uliyeniandikia, acha viatu kwanza. Ukiwa bara njia ikifungwa unazunguka kushoto au kulia. Pwani una upande mmoja tu, mwingine ni maji, na huo mmoja ndo wenye mito, bandari na kuta za watu. Kwa hiyo tafuta kila mto na kila hori kwenye njia yako, uandike daraja la PILI liko wapi, la kwanza kila mtu analijua. Angalia saa za maji kujaa na kupwa za siku hiyohiyo, usitumie za jana, yanachelewa kama dakika 50 kila siku. Beba soksi kavu. Na usimalize nguvu zote kwenye hesabu ya ramani, mchanga mkavu peke yake unakula nguvu zaidi ya mara mbili ya njia iliyokaza.

Na ongea na mwenzako KABLA. Njia ikifungwa tunapanda gari wote au tunazunguka wote? Watu mnaweza kupanga maji ya kunywa mpaka chupa ya mwisho ila hili hamliulizi, mnaona aibu, mnadhani urafiki utajibu wenyewe. Hautajibu. Muulize, akikwepa nenda peke yako.

Mimi narudi mwezi ujao, njia ileile. Jumapili nilienda mpaka pale mtoni kuangalia kwa macho yangu, mabati yameshatolewa, nikavuka nikarudi, dakika tatu kila upande.