Mzigo wa ndege: maswali yenu ya wiki hii

Wadau mambo, maswali yamerundikana, leo nagusa manne tu.

Kwa nini maua na mboga za Arusha zinapandia ndege Nairobi wakati KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, iko hapo hapo?

Hili linauma. KIA ipo tangu 1971, uwanja hauna tatizo, ila mnunuzi wa Ulaya anataka mzigo kila siku sio ukibahatika, na ndege za mizigo zimejaa JKIA, uwanja wa Nairobi, kwa sababu Kenya wana maua ya Naivasha ya kuzijaza. Ndege inasubiri mzigo, mzigo unasubiri ndege, nani aanze? Basi waridi linakatwa asubuhi, linaingia friji, linapanda lori, linafika Namanga, pale foleni na makaratasi, na kila mlango wa lori ukifunguliwa joto linaingia, na ua likishapata joto hata ulirudishe baridi siku zake za kukaa kwenye chupa zimeshapungua.

Si tulinunua ndege ya mizigo? Mbona bei bado juu?

Tulinunua, Boeing 767-300F ya Air Tanzania, ilitua Dar Juni 2023, tani 54. Moja hiyo ndugu yangu. Halafu ndege yoyote ikitoka Guangzhou imejaa nguo na spea za Kariakoo, ikishashusha inarudi na nini? Minofu ya sangara iko Mwanza, mboga ziko Arusha, kuvikusanya pamoja siku moja vikiwa bado vya baridi ndo mtihani wenyewe. Ikirudi nusu tupu, mafuta ya kurudia umeyalipa wewe mwenye nguo. Na usisahau karibu nusu ya mizigo ya ndege duniani inakaa tumboni mwa ndege za abiria, ndo maana 2020 corona ilipozisimamisha bei zikapaa.

Boksi langu la mawigi lina kilo 8, nimelipishwa 20. Nimeibiwa?

Hujaibiwa dada. Ndege inauza na nafasi, sio kilo peke yake. Chukua futi, urefu sentimita 60, upana 50, kimo 40, zidisha unapata 120,000, gawa kwa 6,000, hiyo 20 yako. Wanachaji iliyo kubwa kati ya hiyo na ya mizani (na wengine wanagawa kwa 5,000, hapo ingekuwa 24!). Mi mwaka wa kwanza nilileta mito ya makochi, tusiongelee. Safari ijayo bana mawigi kwenye mifuko ya kunyonya hewa, tafuta boksi dogo.

Nataka kuleta pawabenki 50, zinapita?

Kwenye ndege ya abiria kama kago hapana, tangu Aprili 2016. Ndege ya mizigo sawa, ila chaji isizidi asilimia 30 na ziandikwe wazi kwenye makaratasi ya mzigo. Ajenti akikwambia "tuandike tu makava ya simu" mkimbie, zikigundulika unazuiliwa wewe na wote uliochanganywa nao kwenye shehena moja.