Kubadilisha bati za pikapu iliyoliwa na kutu

Ndugu yangu wa Tanga, umeuliza kama inatosha kubandika bati jipya juu ya madigadi na sehemu za chini za milango zilizotoboka. Haitoshi. Kutu iliyofunikwa huendelea kula chini kwa chini, na kwa hewa hii ya chumvi ya pwani yetu, puti, ule udongo wa kusawazishia bati kabla ya rangi, itavimba mapema. Mwambie fundi akate hadi afikie chuma kizima kinachong'aa, kisha achomelee bati lenye unene unaokaribia ule wa awali, yaani milimita 0.8 hadi 1, kwa vidoa vidogo vinavyoachiana nafasi, kwa sababu akichomelea mfululizo joto litalipinda. Akitumia bati lenye zinki, aikwangue kwanza kwenye kingo, kwa kuwa moshi wake huleta homa. Betri itenganishwe kabla ya kazi. Kinachosahauliwa na wengi, nacho kwangu ni muhimu kuliko rangi ya nje, ni upande wa ndani: upakwe praima, yaani rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha nta, na vitundu vya kutolea maji chini ya milango vizibuliwe. Kabla hujalipia chochote, fremu, yaani chesisi inayobeba gari zima, igongwegongwe kwa nyundo. Ikiwa imeoza, anza nayo.