Bendera ya Kijapani sandukuni mwa babu

SWALI: Katika sanduku la marehemu babu, aliyepigana Burma katika Vita Vikuu vya Pili pamoja na King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza katika Afrika Mashariki, tumekuta kitambaa cha hariri chenye duara jekundu na maandishi meusi yaliyolizunguka kama miale. Je, tukirejeshe kwa wenyewe, na kwa njia gani? — Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Hiyo ni yosegaki hinomaru, bendera ambayo askari na marubani wa Japani walipewa walipokwenda vitani, ikiwa imetiwa saini na wazazi, jirani na wanafunzi wenzao. Wengi hawakurudi, hata mifupa yao haikuonekana, na ndiyo maana kitambaa hicho huweza kuwa kumbukumbu pekee iliyobaki kwa jamaa zao. Mimi ningerejesha, wala simlaumu babu, kwani askari wa pande zote walichukua vitu kama hivyo.

Msiifue wala kuipiga pasi, maana wino huweza kuchuja, na tafadhali msiifukize udi, hata kama ndiyo ada yetu kwa nguo za sandukuni. Itandazeni kivulini, juu ya shuka safi ya pamba, muipige picha kutoka juu hadi kila herufi isomeke, kwani majina, na pengine jina la shule au kiwanda, ndiyo yanayowaongoza watafutaji. Picha hizo zipelekeni OBON Society, jumuiya ya Oregon, Marekani, iliyoanza kazi hii mwaka 2009, au ulizeni ubalozi wa Japani, Dar es Salaam. Andikeni pia alikopigana babu.