Soma Sheria Ndogo Kabla Hujashika Spana

Wiki iliyopita nilipitia fleti fulani huku Kiamunyi, Nakuru, kumjulia hali kijana niliyemfundisha kazi. Nilimkuta ghorofa ya pili, mkononi kabeba nguo za mtoto alizozianua kwenye reli ya roshani ya watu, anamwambia mwenye nguo kwamba sheria ndogo, yaani kanuni za ndani za jengo, zinakataza kuanika pale. Nikamvuta kando. Kifungu gani? Akatoa simu, akanionyesha ujumbe wa mweka hazina kwenye grupu ya WhatsApp, umetumwa saa tano usiku, wote kwa herufi kubwa. Sheria zenyewe hajawahi kuzitia machoni. Ana miezi minane kazini.

Nampenda huyo kijana, na nilimkasirikia sana. Basi nawaandikia nyote mnaoanza kusimamia majumba, muwe Nakuru, Kisumu au Kakamega, kwa sababu kosa lake nalijua kutoka ndani.

1. Jua kwanza jengo lako liko chini ya nini. Sheria ya Kenya ya umiliki wa nyumba kwa sehemu (Sectional Properties Act) ya mwaka 2020, inayohusu kumiliki fleti moja moja ndani ya jengo, ilianza kutumika tarehe 28 Desemba mwaka huo. Jengo lililosajili ramani yake chini ya sheria hiyo lina shirika la wamiliki: ukinunua yuniti umeshakuwa mwanachama, na sheria ndogo za shirika zinakubana hata kama hukuwahi kuhudhuria mkutano. Jengo la mtindo wa zamani lina liizi, yaani mkataba wa kukodisha wa miaka mingi, na kampuni ya usimamizi ambamo kila mwenye nyumba ana hisa. Huko masharti utayapata ndani ya liizi na katiba ya kampuni. Wenye liizi za zamani walipewa miaka miwili wageuze hati, lakini mtakutana na majengo ambayo faili lake halijaguswa mpaka leo. Usitamke “sheria ndogo” mbele ya mtu kabla hujajua ni zipi na ziko kwenye kabati gani.

2. Tofautisha sheria ndogo, azimio la kamati na mazoea ya mwenyekiti. Hapa nitakaa kidogo.

Ilikuwa Februari 2022, kiangazi kimekaza, vumbi la Nakuru mnalijua. Nilikuwa msaidizi wa ajenti kwenye jengo la yuniti 24 Milimani. Mji ulikuwa unatoa maji kwa zamu, siku nyingine tunaagiza bauza, pampu inapandisha kwenye tangi la juu, na kila nyumba ina koki yake kwenye kijisanduku kando ya ngazi. Ijumaa mchana mwenyekiti akanitumia orodha ya nyumba saba zenye deni la servisi chaji, yaani mchango wa huduma za jengo, na chini yake neno moja: “Funga.” D4 ilikuwa ya kwanza. Miezi 14 kwa shilingi 3,000, jumla 42,000.

Sikuuliza kitu. Nilizifunga zote saba. Ile ya D4, kwa kuwa deni lake ndilo kubwa, niliing’oa mkono wake, ule mwekundu, nikautia mfukoni ili asije mtu akaifungulia usiku. Nikaenda nyumbani nikijihesabu mchapakazi.

Jumatatu asubuhi nikamkuta mama wa D4 kwenye ngazi. Amefunga leso tumboni, mkono mmoja umeshika reli, mwingine mtungi wa lita 20. Alikuwa akipanda vidato vitatu, anautua, anapumua, anaubeba tena. Nikampokea huo mtungi. Akaniambia bila kupandisha sauti, “Kijana, nimejifungua kwa upasuaji, leo siku ya tisa. Kodi nalipa, na servisi chaji iko ndani ya kodi. Hebu angalia.” Akanifungulia M-Pesa pale pale. Kila mwezi, kabla ya tarehe tano, pesa zimeenda kwa mwenye nyumba, hakuna mwezi uliorukwa. Mwenye nyumba yuko Marekani. Alikuwa akizipokea za huduma na kukaa nazo.

Nilikimbilia kabati la katibu. Sheria ndogo zilikuwa chini ya makopo ya rangi, kurasa zimeshikana kwa unyevu. Kifungu cha malimbikizo kilikuwa na mistari mitano tu: deni la michango ni la mmiliki, adaiwe kwa barua, apewe siku 30, baada ya hapo shirika limshtaki kama mdaiwa mwingine yeyote. Neno maji halikuwemo kabisa. Kwenye kitabu cha miniti, kumbukumbu za mikutano, hakukuwa na azimio lolote la kufunga koki. Watu watatu walikuwa wamekubaliana kwa simu, nami nikayaita maneno yao sheria. Na Katiba tuliyoipitisha 2010, ambayo mimi mwenyewe nilipanga foleni kuipigia kura, inasema kwenye kifungu cha 43 kwamba kila mtu ana haki ya kupata maji safi ya kutosha.

Nikaenda kuifungua. Mkono wa koki haukuwepo. Ulikuwa kwenye suruali ya Ijumaa, nyumbani kwangu, mtaa wa London hapo hapo Nakuru. Nilichukua boda kwenda na kurudi, na muda wote huo yule mama anangoja maji ya kumwogesha mtoto. Jioni mshono ukafunguka, akarudishwa hospitalini siku nne. Nilienda kumwona. Hakunitukana. Aliniuliza, “Na hiyo sheria, uliisoma?” Nikamjibu, “Hapana, mama.” Akageuza uso ukutani.

Nyumba nyingine sita nilizifungulia siku hiyo hiyo bila kumwuliza mwenyekiti, naye akaniita msaliti mbele ya kamati. Barua ya kwanza kwa mwenye D4 niliiandika usiku ule. Alilipa yote ndani ya wiki tatu. Kumbe tulichohitaji ni barua tu!

3. Barua ya deni mwandikie mmiliki, iwe na tarehe, na nakala ibaki kwenye faili.

4. Chini ya sheria ya 2020 michango hugawanywa kwa kadiri ya fungu la kila yuniti, yaani sehemu yake katika jengo zima, kwa hiyo mwenye vyumba vitatu akilalamika kwamba anamzidi wa chumba kimoja, mwonyeshe fungu lake kwenye ramani, msibishane.

5. Msikilize mtu kabla ya kumtoza faini. Shirika linaweza kuunda kamati ya ndani ya kusuluhisha migogoro. Itumieni kabla ya mawakili.

6. Kelele na wageni. Hapa vijana wengi hukurupuka. Kwenye jengo moja Kisumu nilikofanya kazi baadaye, familia ilifiwa, na jamaa wakaanza kukusanyika kila jioni kupanga safari ya mazishi. Magari hadi nje ya geti, nyimbo zinapita saa nne usiku. Askari alitaka kuwafukuza kwa kuwa ubao wa geti unasema mwisho wa kelele ni saa nne. Nikafungua sheria ndogo: ruhusa ya maandishi ya kamati inatosha. Nikaomba siku tano, nikazipata kabla ya chai ya saa kumi, tukawapangia viti upande wa maegesho usio na madirisha ya vyumba vya kulala. Jirani aliyekuwa amelalamika ndiye aliyeleta thamosi mbili za chai. Kwetu hakuna jengo lisilopata msiba, kwa hiyo kitafuteni hicho kifungu leo, kabla hamjakihitaji.

Turudi Kiamunyi. Tulimrudishia yule mama wa roshani nguo zake na kumwomba radhi, kisha tukaenda kuzitafuta hizo sheria ndogo kwa katibu. Kweli, kuanika kwenye reli kumekatazwa. Lakini sentensi inayofuata inalitaka shirika liweke kamba za kutosha juu ya paa. Tukapanda. Nguzo zipo, kamba zimekatika zote, na vipande vilivyobaki vimeoza kwa jua. Kijana alivitazama, akanitazama, akashuka mpaka hadiwea ya hapo stejini. Alirudi na mita 40 za waya uliovishwa plastiki, tukafunga mistari minne kabla giza halijaingia.